Julai 2015 Dodoma: usiku jina la Lowassa lilipokatwa, wewe ulijisikiaje?

MamaGesti_Makole (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Miaka kumi imeshapita tangu ule Mkutano Mkuu wa CCM wa Julai 2015 hapa Dodoma, uliochagua mgombea urais, na kuna jambo nimelibeba kifuani muda wote huo. Siji kumtetea mtu wala kumchafua. Mzee Lowassa ameshatangulia, Membe ameshatangulia, na Magufuli aliyewapita wote naye tumeshamzika. Nataka tujiongelee sisi, tuliokuwa tunawapenda na kuwachukia.

Nina gesti Makole. Wiki kama ile sijaiona tena. Waliochukua fomu walikuwa 42, wakarudisha 38, na kila mmoja na wapambe wake. Vyumba vyangu kumi na viwili vililaza watu hamsini na kitu, wengine magodoro kwenye korido, na baridi ya Dodoma ya Julai mnaijua. Bei nilipandisha, sikatai. Asubuhi meza ya chai ilikuwa na kambi nne zinazogombania chupa moja ya maziwa, na hakuna aliyemwamini mwenzake hata kumwachia simu aichaji.

Mimi nilikuwa Lowassa damu. Mwanangu wa pili alisoma shule ya kata, na kwangu mimi shule za kata zilikuwa na jina lake. Dada yangu ameolewa Kahama; maji ya Ziwa Victoria yalipofika kwao alinipigia simu nisikie bomba linavyomwaga, na mradi ule alikuwa ameusimamia yeye akiwa Waziri wa Maji. Yakija ya Richmond, ile kashfa ya umeme, naziba masikio. Nasema alijiuzulu uwaziri mkuu 2008 kubeba mzigo wa wengine. Kama ndivyo au sivyo, sikuwa nataka kujua.

Sasa sikilizeni hapa. Kanuni ilitaka mgombea apate wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Yeye alirudi na zaidi ya laki nane. Nikiwemo mimi, nilipanga foleni na kadi yangu mkononi kama napiga kura. Watu walicheka, za nini zote hizo wakati 450 zinatosha? Lakini fikirieni. Mgombea urais wa CCM huchujwa na Kamati Kuu, kisha Halmashauri Kuu, kisha wajumbe elfu mbili na ushee wa Mkutano Mkuu. Mimi mwanachama wa shina la Makole sina pa kusema. Ile karatasi ya udhamini ndiyo pekee niliyowahi kutia sahihi inayohusu nani awe Rais kabla ya mambo kwisha. Tuliigeuza kuwa kura yetu. Ndiyo maana ilipotupwa iliuma vile.

Usiku wa tarehe 10 tulikuwa sebuleni, luninga imewashwa, simu zote mkononi. Majina matano: January Makamba, Membe, Magufuli, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali. Basi. Kulikuwa na mjumbe mmoja wa Kanda ya Ziwa, mtu mzima, mwenye maneno mengi tangu afike. Alivua kofia akaiweka mezani, akakaa. Ugali na sato nilivyompakulia vikapoa mbele yake. Baadaye wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakatokea kwa waandishi kusema hawaafiki, kanuni imekiukwa, majina mengine hata hayakufikishwa mbele yao. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Kesho yake kwenye Halmashauri Kuu mnakumbuka wenyewe. Mwenyekiti, Rais Kikwete, anaingia ukumbini, wajumbe wanamwimbia "tuna imani na Lowassa". Nikasema leo kitanuka.

Hakikunuka kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 wakapiga kura: Magufuli 2,104, Balozi Amina 253, Dk. Migiro 59. Asilimia 87! Na yule mzee wa sato alirudi gesti asubuhi amevaa kofia mpya, anacheza, ananiambia "Mama, chama kina wenyewe." Sikumwekea maandazi. Alikunywa chai kavu akaondoka, na mpaka leo sijui kama alielewa kwa nini.

Swali langu: nyie mlikuwa wapi, na mlijisikiaje?

---

Chalii_wa_Ngarenaro

Nimekaa paleee mbele kabisa na kahawa yangu.

Mama umenitonesha aisee. Mei 30 mwaka ule nilikuwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Lowassa anapotangaza nia. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na bado sikupata pa kukaa, nikaangalia kutoka juu ya ukuta. Safari ya Matumaini! Wakati huo nilikuwa nauza laini za simu, sina hata kadi ya chama. Ila siku ile niliona kama kuna mlango unafunguliwa na mimi nimo kwenye foleni.

Jina lilipokatwa sikulia. Nilikasirika hasira ya kitoto, ile ya kutaka timu yote ifungwe kwa sababu kocha amemwacha mchezaji wako benchi. Alipohamia CHADEMA Julai 28 nilihama naye dakika hiyo hiyo, na sikuwa nimewahi kuwa popote pa kuhama. Oktoba nilipiga kura ya kwanza maishani.

---

Mwembeyanga2007

Mmeongea ya upande wenu, sasa ngoja niseme ya upande uliopokea mzigo.

Mimi ni CHADEMA wa tangu hatujawa na fulana. Septemba 2007 nilikuwa Mwembeyanga, Temeke, Dk. Slaa, katibu mkuu wetu, anasoma ile orodha ya majina ya mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwemo. Miaka minane nimezunguka na hiyo orodha kichwani. Nimegombana na baba mkwe kwa ajili yake. Nimemfundisha mtoto wangu neno fisadi kabla hajajua kuhesabu mpaka hamsini.

Halafu Julai 2015 naambiwa huyu ndiye mgombea wetu, inua mikono yumbisha huku na huku, "Mabadiliko... Lowassa! Lowassa... mabadiliko!"

Wakuu, niliinua. Naandika hivi saa sita usiku kwa sababu mchana nisingeweza. Wiki mbili za kwanza nilikuwa sitoki ndani. Lipumba akajiuzulu uenyekiti CUF, chama tulichoungana nacho, Slaa akatangaza kuachana na siasa, na mimi nikawa najiuliza ni mimi peke yangu nimebaki mjinga au wao. Kisha nikaona mikutano. Viwanja vile sijawahi kuviona upinzani ukivijaza. Nikajiambia tuhuma haikuwahi kufika mahakamani, hajafungwa, sasa mimi ni nani? Ni maneno yale yale aliyokuwa akinijibu baba mkwe miaka minane, na ninayatoa mdomoni mwangu na yeye ananiangalia tu anatabasamu.

Kura 6,072,848, asilimia 39.97. Hakuna aliyewahi kuzipata upande wetu. Na Machi 2019 akarudi CCM. Siku hiyo baba mkwe hakunipigia simu. Ni heshima aliyonipa na sitaisahau.

---

Chalii_wa_Ngarenaro

> Mwembeyanga2007 amesema: *Niliinua.*

Mkuu hapa nimecheka halafu nikanyamaza. Mimi nilidhani nyie wa zamani mlitupokea kwa furaha. Kumbe tulikuwa tunapigana mabega kwenye mkutano mmoja, mmoja anashangilia mtu wake na mwingine anameza mfupa.

---

kijiwe_cha_gahawa

Uzi mrefu kama treni ya Kigoma. Nani anifupishie?

---

Mkulima_wa_Korosho

Kila mtu Lowassa, Lowassa. Na sisi wa Membe je? Hatuna kifua?

Mie natokea Lindi. Membe alipotangaza nia kwetu ilikuwa ni zaidi ya siasa. Kusini tumetoa Rais Mkapa, sawa, lakini mtu wa Lindi aliyekulia Rondo, tukimjua ukoo wake, kuwa waziri wa mambo ya nje na kuambiwa ndiye chaguo la wakubwa... Kijiweni kwetu tulishaanza kugawana vyeo. Mimi nilijipa ukuu wa wilaya.

Ninachotaka kukiri ni hiki. Usiku ule yalipotoka majina matano tulishangilia kuliko siku ya sikukuu, na tulichokuwa tunashangilia hasa ni Lowassa kukatwa. Mtu wetu yumo, lakini furaha ilikuwa ya yule kutoka. Sijivunii. Miaka yote hiyo kambi hizi mbili zilitumia nguvu nyingi kumzuia mwenzake kuliko kumjenga wake, na sisi wa chini tukarithi ule uadui bila hata kujua chanzo. Mie sijawahi kukutana na mtu wa Monduli, kwao Lowassa, mpaka leo, ila nilikuwa namchukia.

Kesho yake Halmashauri Kuu ikachuja watano kuwa watatu na Membe hayumo. Furaha ya usiku mmoja. Tulikaa kijiweni hakuna anayesema, mpaka mzee mmoja akauliza, "Kwani huyo Magufuli kabila gani?"

2020 Membe akafukuzwa CCM, akagombea urais kupitia chama cha ACT, kura zake nchi nzima elfu themanini na ushee. Yangu ilikuwemo. Nilimpigia nikijua hashindi, kama unavyokwenda msibani: hufufui mtu, unakwenda kwa sababu ni wako.

---

BiHindu_wa_Mchangani

Assalaam alaykum. Nimesoma mote humu, wanaume watupu mnalilia wanaume wenzenu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wale wawili wengine wa fainali walikuwa kina nani.

Mie niko Unguja. Watatu wa mwisho, wawili wanawake! Haijapata kutokea. Balozi Amina alikwishakuwa waziri wa fedha huku kwetu, kisha akauwakilisha Umoja wa Afrika kule Marekani. Migiro naibu katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa siasa kabisa, usiku ule alitandika mkeka mbele ya redio akakataa kulala. Akasema mmoja kati ya hawa watoto wangu akipita ntachinja.

253 na 59. Wawili pamoja hawakufika mia tatu na hamsini katika watu elfu mbili mia nne. Mama akazima redio akasema "walituweka tuwapambie harusi tu." Mimi nilihisi vile vile, wallahi. Nilihisi tumetumiwa, kwamba kura zilikwishapangwa na wale wawili waliachwa ili aliyebaki asiwe na mpinzani wa kumtisha.

Ila sasa angalieni mambo ya Mungu. Mchana wa siku hiyo hiyo, Magufuli akamtangaza mgombea mwenza: Samia. Nani alishughulika? Hapa mtaani hata hatukupiga vigelegele, tulikuwa na hasira za usiku. Mama akasema tu "haya, wamempa mwenza ili tunyamaze." Na yule "mwenza" ndiye aliyeapishwa Machi 19, 2021. Mama hakuiona siku hiyo. Mlilie Lowassa wenu, mie katika Julai ile ninachokililia ni kwamba mwanamke aliyekuja kuwa Rais alipita mbele yetu na sisi tumenuna.

---

MamaGesti_Makole (mleta uzi)

> BiHindu_wa_Mchangani amesema: *walituweka tuwapambie harusi tu*

Bi Hindu umenipiga kofi na nimelistahili. Mimi ni mwanamke, nilikuwa hapo hapo Dodoma, na nakuapia majina ya Amina na Migiro yaliposomwa sikuyasikia. Nilikuwa nasikiliza jina moja tu ambalo halikusomwa.

---

Mzee_Chimwaga

Vijana, hamjambo. Nyie mnaongea 2015 kama ndiyo mwanzo wa dunia. Mimi nilikuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, mwaka 1995.

Tulikuwa na watatu: Kikwete, Mkapa na Msuya. Duru ya kwanza Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyefika nusu, tukarudia wawili wa juu. Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47! Hiyo ndiyo ilikuwa kura ya maoni, mioyo inadunda mpaka karatasi ya mwisho. Mimi nilikuwa wa Msuya. Alipotoka ilibidi niamue ndani ya muda mfupi sana nimpe nani, na nitawaambia ukweli ambao wajumbe hawausemi: nilimtazama aliyekaa kulia kwangu anaandika nini.

Lowassa naye mwaka ule alikuwa ametaka, akiwa kijana, na Mwalimu hakumtaka. Kwa hiyo 2015 yeye hakukatwa mara ya kwanza. Mtu amebeba ndoto miaka ishirini. Watu wake walilijua hilo, nadhani ndiyo maana walilia hivyo.

Sasa kuhusu yule mzee wa kofia uliyemnyima maandazi. Binti yangu, ulimwonea. Mjumbe akirudi wilayani kwake anaulizwa swali moja, ulikuwa na nani. Akijibu "nilikuwa na aliyekatwa," kikao kijacho haitwi, na hata mbolea ya ruzuku anaweza akaisikia kwa jirani. Alipovua kofia mezani alikuwa analia. Alipovaa mpya alikuwa anarudi nyumbani.

---

MamaGesti_Makole (mleta uzi)

> Mzee_Chimwaga amesema: *alikuwa anarudi nyumbani*

Mzee shikamoo. Nimesoma mara tatu. Lakini bado najiuliza: angecheza kidogo. Alicheza kama mtu aliyeolewesha binti.

---

Mzee_Chimwaga

Marahaba. Ndiyo inavyochezwa. Ukicheza kidogo wanakuona.

---

Sengerema_Kwetu

Na sisi wa Magufuli mtuachie aya moja.

Hatukuwa na timu. Ndiyo raha yake. Wenzake wanakwenda kutafuta wadhamini na misafara na ngoma, yeye alipita mikoani kimya kimya, hata waandishi hakuwaita. Kwetu huku tulimjua kama waziri wa ujenzi mkali, anakumbuka urefu wa barabara mpaka mita. Ukisema "atakuwa Rais" watu wangekupima homa.

Kwa hiyo mapenzi yetu yalianza asubuhi ya Julai 12, jumla, kama mvua. Tulimpenda kwa sababu hatukuwa tumemgombania. Shangazi yangu, Lowassa wa kufa, alisema, "Huyu angalau sikumwona akihonga mtu," akaanza kuimba Hapa Kazi Tu. Yaliyofuata baada ya hapo, mazuri na mabaya, kila mtu ana hesabu yake na humu tutatukanana bure. Naongelea ile asubuhi tu. Ilikuwa ahueni. Kama wazazi wawili wamegombania jina la mtoto wiki nzima, halafu bibi akalitaja la tatu na wote wakachoka kubisha.

---

Bumbuli_Mpya

January alikuwa na miaka 41 na aliingia tano bora. Sisi vijana tulidhani 2025 ni yetu. Mwaka 2025 wenyewe jina lake likakatwa hata kwenye ubunge. Sina la kuongeza, nawasoma tu.

---

kijiwe_cha_gahawa

Nimesoma wote sasa. Nilikuja kutania, nisameheni.

Mnaona kitu lakini? Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu, Dodoma hiyo hiyo, ulimpitisha Rais Samia kugombea papo hapo. Hakuna fomu 42, hakuna wadhamini laki nane, hakuna aliyepanga foleni na kadi. Na mgombea mwenza alikuwa nani? Nchimbi. Yule yule wa usiku wa tarehe 10 aliyesimama mbele ya waandishi kusema haafiki. Sasa mimi najiuliza, bora kipi, uvunjike moyo kama mama hapa au usipewe hata nafasi ya kuvunjika?

---

Mwembeyanga2007

> kijiwe_cha_gahawa amesema: *bora kipi*

Mimi nachagua kuvunjika. Lakini niulize tena nikishapata usingizi.

---

Mkulima_wa_Korosho

Mie nachagua isiwepo. Kama kupitishwa kwake kulikuwa kunajulikana, tusipotezeane muda wala nauli. 2015 niliuza magunia mawili ya korosho kabla ya msimu kwa mtu aliyeniahidi tutakwenda Dodoma na basi la mgombea. Basi halikuja. Mtu simpati. Hayo magunia bado yananiuma kuliko jina kukatwa.

---

BiHindu_wa_Mchangani

Korosho mbili ndiyo siasa yako yote, mwenzangu? Basi umepona.

---

Chalii_wa_Ngarenaro

Mama Gesti, la mwisho. Fulana ya Safari ya Matumaini ninayo bado. Mke wangu aliifanya dekio, nikaichukua, nikaifua, nikaikunja. Siivai. Februari 2024 Mzee alipofariki niliitoa nikaitazama, nikairudisha kabatini. Sasa ikifika siku ya kuhama nyumba sijui nitaifanyaje.

---

MamaGesti_Makole (mleta uzi)

Usiitupe. Yangu ipo chini ya godoro la chumba namba saba, imezibia ubao uliokatika. Mgeni aliyelala humo wiki iliyopita alikuwa wa CHADEMA na alilala vizuri tu.

Ile kofia ya kwanza ya mzee wa sato aliisahau mezani. Ninayo pia. Kama yuko humu, au mwanawe yuko humu, ajue ipo.

---

Mzee_Chimwaga

Hiyo gesti bado inafanya kazi? Mwezi ujao nina kikao cha wastaafu huko.

---

MamaGesti_Makole (mleta uzi)

Inafanya, mzee wangu. Chenye choo ndani elfu thelathini na tano, chai ipo.

Na maandazi nitakuwekea.